Valvuline gani kwa ponti ya motokari ya spoti?



Katika kisanduku cha maulizo tulikuta barua ya mwanafunzi wa darasa la tatu. Anauliza: « Juu ya nini motokari ya spoti haipewi valvuline moja na kamyo ya shule? Mafuta si mafuta? » Siye wa darasa la sita tulicheka kwanza. Kisha tukanyamaza, kwa sababu kaka ya mmoja wetu, fundi katika garaji ya mjini, alikatwa mshahara wa miezi miwili juu ya neno hilo hilo.

Tuanze na ponti yenyewe. Motokari ikikata kona, gurudumu la nje linakwenda mbali kuliko la ndani. Pigeni hesabu: kama kati ya magurudumu mawili kuna metre 1,50, na motokari inazunguka duara nzima, la nje linapita la ndani kwa 2 × 3,14 × 1,50, ni kusema metre 9,42. Duara iwe ndogo ao kubwa, jibu ni lile lile. Kazi ya diferansieli ni kuruhusu tofauti hiyo.

Lakini diferansieli ya kawaida iko na ubaya mmoja, na kila mtu aliyesukuma kamyo wakati wa mvua anaujua. Gurudumu moja likiingia katika matope linazunguka bure, na lingine lenye kusimama pakavu halifanyi kitu. Kwa motokari ya spoti hata matope si lazima: ikitoka katika kona kwa nguvu, gurudumu la ndani linakuwa jepesi na kuteleza. Ndiyo maana mwaka 1935 Ferdinand Porsche aliomba kampuni ZF ya Ujerumani itengeneze diferansieli yenye kuzuia mtelezo, kwa motokari za mbio za Auto Union.

Basi, kizuizi hicho ndicho kinachagua mafuta. Meno ya ponti yanasuguana kwa nguvu sana, hata mafuta mepesi yanafutwa. Kwa hiyo valvuline ya ponti inatiwa dawa ya sulfuri na fosfori (ile harufu mbaya ndiyo hiyo), na bidoni yake inaandikwa GL-5. Meno yanataka kuteleza. Lakini kuna ponti zenye visahani vya kushikana, na visahani vinataka msuguano! Mafuta ni mamoja, matakwa ni mawili yenye kupingana. Hapo inaongezwa dawa nyingine, yenye kulainisha mshiko. Ikikosa, visahani vinashika na kuachia, vinashika na kuachia, na ponti inapiga tak-tak-tak katika kona za polepole. Ikizidi, visahani havishiki tena vizuri, na motokari ya spoti inakuwa kama kamyo yetu.

Ndivyo ilivyompata yule kaka. Alitia GL-5 safi, ya bei kali, lakini bila dawa ya visahani. Kesho yake mwenye motokari akarudi na hasira: « Umeua ponti yangu! » Patroni hakuuliza kitu, akakata mshahara. Usiku fundi akasoma kitabu cha motokari. Asubuhi akamwaga mafuta yale, akatia yenye alama LS, akaendesha polepole katika kiwanja akichora hesabu 8 mara nyingi, mpaka mafuta yakaingia kati ya visahani. Sauti ikaisha. Mshahara wa mwezi mmoja ulirudishwa. Ule mwingine, anangojea mpaka leo.

Je, kila motokari ya spoti ipewe dawa hiyo? Hapana. Tuchukue Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989. Zile za moteri 1,6 zenye kizuizi zilikuwa na kizuizi cha silikone iliyofungwa ndani yake. Kikichoka, hakuna bidoni itakayokifufua. Zile za moteri 1,8 zilizofuata zilipewa Torsen, yenye kufanya kazi kwa meno tu. Torsen haihitaji dawa ya visahani. Motokari moja, jina moja, na ndani si sawasawa.

Wengine wanasema: inua magurudumu ya nyuma, weka levia katikati, zungusha moja kwa mkono. Yakizunguka pamoja upande mmoja, kuna visahani vizima. Lingine likirudi kinyume, ni ponti ya kawaida. Angalieni hapo! Torsen pia inaweza kurudi kinyume, na visahani vilivyokwisha vilevile. Kitabu na kibandiko cha ponti ndivyo vinasema kweli.

Juu ya namba, 75W ni tabia ya mafuta yakiwa baridi, 90 ao 140 ni uzito wake katika joto la 100°C. Ile 140 inafaa kazi kali ya kiwanja cha mbio. Barabarani inakula nguvu bure kama kitabu hakiiombi.

Kamyo yetu iko na diferansieli ya kawaida: GL-5, bila dawa ya visahani. Jumamosi tutafanya vidanje yake. Tutafungua tundu la kujazia kwanza, ndipo la kumwagia, maana la juu likikataa kufunguka huku mafuta yamekwisha kumwagika, kamyo italala hapo. Yule wa darasa la tatu aje na nguo za kazi.