MGENI ASIYEPEWA JEMBE

Wazee wetu walituachia usemi ambao kila mtu aliyekulia katika Kiswahili aujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huusikia usemi huu kama onyo kwa mgeni mvivu, naye mgeni mvivu kweli anastahili kuonywa. Lakini sisi twauona una upande wa pili usiotajwa sana, nao ni kwamba mgeni ana haki ya kupewa jembe. Mtu aliyekuja kwa ajili ya kazi, kisha akawekwa kitini siku ya tatu, na ya nne, na mwezi mzima, akisifiwa na kupigwa picha, huyo hakuheshimiwa. Amenyimwa kitu ambacho kila mfanyakazi wa kweli hukithamini kuliko sifa, yaani kazi yenyewe.

Twayasema haya, ndugu wasomaji, kwa kuwa kwa miaka mingi kumekuwa na manung'uniko ya aina moja yatokayo kwa walimu wa kigeni wanaofundisha Kiingereza katika shule na vyuo vya China. Wengi wao ni watu wa Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Huenda huko na hamu tele, wakatia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, na kabla mwaka haujesha wengi wamekwisha kata tamaa. Wako wasemao kuwa wanafunzi hawasemi. Wako wasemao kuwa wakuu wa shule hawasikii. Tumeyapima manung'uniko haya, tukaona kuwa yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo hauko mahali ambapo wanung'unikaji wenyewe huutafuta.

Wala jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1862, baada ya Vita vya Afyuni, serikali ya kifalme ilifungua mjini Peking chuo kilichoitwa Tongwen Guan, ili vijana wa Kichina wafundishwe lugha za kigeni na kuwa wakalimani. Darasa la kwanza la Kiingereza lilikuwa na vijana 10 tu. Mmisionari mmoja wa Kimarekani, W. A. P. Martin, aliyefundisha hapo katika miaka hiyo ya kwanza, karibu aiache kazi, kwa kuwa aliona ni kupoteza umri wake kuwafundisha vijana kumi. Akabembelezwa, akabaki, na mwaka 1869 akawekwa kuwa mkuu wa chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wawili kati ya vijana waliotoka katika chuo hicho waliitwa ikulu kumfundisha Kiingereza mfalme mwenyewe, Guangxu. Twakumbusha kisa hiki ili ijulikane kuwa mwalimu kukata tamaa katika darasa la China ni habari ya zaidi ya miaka mia na hamsini, na kwamba mwalimu haoni mavuno yake siku ile ile apandayo.

KIMYA CHA DARASANI

Tumfuate mwalimu mmoja wa leo, tusiyemtaja jina kwa kuwa yuko katika miji mingi. Anaingia darasani asubuhi. Wanafunzi arobaini, hamsini, na pengine zaidi, wanasimama kwa amri ya kiongozi wa darasa, wanamwamkia kwa sauti moja, kisha wanaketi. Mwalimu anafurahi. Anauliza swali jepesi: Je, jana mlifanya nini? Kimya. Anauliza tena, polepole zaidi. Macho yote yanainama juu ya madawati. Anamwita mmoja kwa jina. Kijana anasimama, uso umemwiva, anajibu kwa neno moja, anaketi. Mwalimu anatembea katikati ya safu, na huko nyuma anamkuta msichana aliyefunika daftari la hesabu kwa kitabu cha Kiingereza. Kipindi cha dakika arobaini kinapokwisha, mwalimu anatoka akiamini kwamba amedharauliwa.

Je, kweli amedharauliwa? Sisi twasema hapana. Kwanza, yafaa ajue kuwa darasa hilo limelelewa katika desturi ambayo mwanafunzi husikiliza kwanza, hufikiri, na swali lake hulipeleka kwa mwalimu baada ya kipindi. Kuuliza ovyo mbele ya wenzake ni kuwapotezea wakati wao. Kujibu vibaya ni kuumbuka mbele ya watu hamsini atakaokaa nao chumba kimoja kwa miaka mitatu. Wasomi waliochunguza madarasa hayo, kama Martin Cortazzi na Lixian Jin, wamelieleza jambo hili tangu miaka ya 1990: kimya cha mwanafunzi wa Kichina si lazima kiwe uvivu, wala ujinga. Na sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa neno hili na wasomi wa mbali. Twajua kuwa uso umeumbwa na haya. Mtoto wetu akikaa kimya mbele ya mgeni, twasema ana adabu.

MTIHANI NDIO MWAJIRI

Lakini haya peke yake haitoshi kulifunua lile daftari la hesabu. Hapo hatuna budi kuutazama mtihani wa kuingia vyuo vikuu, uitwao gaokao, unaofanywa kila mwaka mwezi wa Juni. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 13 walijiandikisha kuufanya. Katika majimbo mengi alama zote ni 750, na Kiingereza kina 150 kati ya hizo. Tena alama hizo 150, katika majimbo mengi, hupatikana kwa kusoma, kusikiliza na kuandika. Kusema hakumo katika jumla. Naye mwalimu wa kigeni ameajiriwa kufundisha nini? Kusema.

Basi fikirini, ndugu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu nchi hiyo iliwachagua watumishi wa serikali kwa mitihani, mpaka mtindo huo ulipofutwa mwaka 1905. Katika Mapinduzi ya Utamaduni mtihani wa vyuo ulisimamishwa, na uliporudishwa mwaka 1977 vijana waliokuwa wamepelekwa mashambani na viwandani waliukimbilia kama mtu mwenye kiu anavyokimbilia kisima. Kwa mtoto wa mkulima aliye mbali na miji mikubwa, mtihani huu ndio ngazi ambayo baba yake hakuipata. Yule msichana mwenye daftari la hesabu, basi, hamdharau mtu. Anapiga hesabu ya maisha yake. Ameona kwamba kipindi cha mgeni hakihesabiwi, na kile cha hesabu kinahesabiwa. Aliyekosa hapo ni nani, msichana, au yule aliyepanga kazi ya mwalimu pasipo kuipa uzito?

JEMBE LIKO WAPI?

Hapa ndipo twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mwalimu huyu hukutana na kila darasa mara moja kwa juma, hata majina ya wanafunzi hawezi kuyashika. Mara nyingi alama zake haziingii popote. Mikutano ya walimu haitwi, na akiitwa haelewi lugha. Ratiba ikibadilika, huambiwa asubuhi ile ile, tena na mwanafunzi. Lakini siku wazazi wanapokuja, au siku ya kuchapisha matangazo ya shule, hutafutwa haraka na kusimamishwa mbele. Hapo mwalimu amegeuzwa pambo, na pambo halina kosa wala sifa, kwa kuwa halina kazi.

Mfanyakazi yeyote aelewa uchungu wa jambo hili. Fundi akiajiriwa kiwandani, akaoneshwa mashine, akalipwa kila mwisho wa mwezi, lakini asiruhusiwe kuigusa mashine hiyo, atafurahi juma la kwanza. Juma la pili ataona haya. Mwezi wa tatu ataanza kuwachukia wenzake, na wao watamchukia yeye.

Na wenzake hao wana haki ya kusikilizwa pia, maana upande wao hauandikwi sana. Mwalimu Mchina anayesimamia darasa hufika kabla ya jua kuwa kali, na mara nyingi huondoka baada ya masomo ya usiku. Ndiye anayepigiwa simu na wazazi, na ndiye anayelaumiwa alama zikishuka. Karibu naye yuko mgeni mwenye vipindi vichache, nyumba ya shule, na mara nyingi mshahara ulio mkubwa kuliko wake. Mgeni anapolalamika kwamba hana kazi ya maana, huyu husikia kama kushiba kunamsumbua mtu. Wote wawili wamedhulumiwa na mpango mmoja, wala hawajui, kwa kuwa hawana lugha ya kuambiana.

Tena jembe la kukodi hunyang'anywa upesi. Mwezi wa Julai mwaka 2021 serikali ya China ilitoa amri ya kupunguza mzigo wa wanafunzi, ikakataza makampuni kuchuma faida kwa kufundisha masomo ya shule kwa watoto walio katika elimu ya lazima, na ikakataza kuwaajiri wageni waliokaa nje ya nchi kuwafundisha watoto hao kwa njia ya intaneti. Nia ya kuwapumzisha watoto na kuwapunguzia wazazi gharama twaielewa. Lakini maelfu ya walimu, wenyeji na wageni, walijikuta bila kazi katika muda mfupi, na wengine wakabaki wakidai mishahara yao. Mwenye kampuni alifunga mlango, na mzigo ukamwangukia mfundishaji.

Liko na jambo jingine linalotuhusu sisi Waafrika. Kanuni za vibali vya kazi hutaka mwalimu wa lugha awe ametoka katika nchi ambayo lugha hiyo ni ya asili. Kwa kipimo hicho kijana wa Kenya au wa Tanzania, aliyesoma kwa Kiingereza miaka mingi, mwenye shahada na mazoezi ya ualimu, hukataliwa, na nafasi hupewa mtu ambaye sifa yake kubwa ni pasi ya kusafiria. Ni haki ya kila nchi kuweka kanuni zake. Nasi tuna haki ya kusema kwamba ualimu ni ufundi, wala mtu hazaliwi nao kama rangi ya ngozi.

WALIOPEWA JEMBE

Asije mtu akadhani twasema kuwa mgeni hawezi kufaa katika darasa la China. Mwaka 1948 David Crook, Mwingereza, na mkewe Isabel, Mkanada aliyezaliwa China kwa wazazi wamisionari, walianza kufundisha Kiingereza katika shule ya kijijini, ambayo baadaye ilikua ikawa Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Hawakuwekwa kitini. Waliwafundisha watu waliokuja kuwa wanabalozi na wakalimani wa taifa jipya, na David alishiriki katika kazi ya kutunga kamusi ya Kichina na Kiingereza. Wala hawakuepushwa na taabu: katika Mapinduzi ya Utamaduni David alifungwa, tangu mwaka 1967 hadi 1973, kwa shutuma za ujasusi zilizokuja kufutwa. Alipotoka alirudi kazini. Alifariki Beijing mwaka 2000. Isabel alipewa Nishani ya Urafiki mwaka 2019, naye akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 107. Tofauti kati yao na yule mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja haiko katika wema wa moyo. Wao walijifunza kuishi na wenyeji, na wenyeji waliwategemea.

Kwa hiyo basi, twawaambia waajirio: msimwite mwalimu kutoka mbali ikiwa hamna kazi ya kumpa. Mkimwita, mpeni darasa atakalolijua kwa majina, yapeni masomo yake uzito katika hesabu ya mwanafunzi, na mketishe pamoja na walimu wenzake. Twamwambia naye aendaye: jifunze lugha ya wenyeji wako, japo ya kuombea maji, usikipime kimya cha mtoto kwa kipimo cha kwenu, na usipopewa jembe, liombe.

Nasi tusijione tu watazamaji. Kiswahili kimefundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu wetu wamekwenda kukifundisha huko. Kadhalika walimu wa Kichina wamo kwetu, katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 2005, na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2013. Wao nao husimama mbele ya vijana wetu, huuliza swali jepesi, na kukutana na kimya. Sisi ni wageni huko na wenyeji hapa. Siku mbili za karamu zimekwisha zamani. Yafaa tujiulize kama jembe tumelitoa.