Nakala ya kesi: lipa korti, usilipe simu ya mtu

Unatafuta uamuzi wa kesi ya shamba la mzee, au hati ya kusimamia mali ya marehemu? Kabla ya kutoa hata shilingi, angalia kenyalaw.org. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu ziko hapo, na kuzisoma ni bure.

Lakini benki ikitaka nakala yenye muhuri wa korti, ile uliyochapisha saiba haitoshi. Nenda masjala ya korti iliyosikiza kesi, ukiwa na kitambulisho, nambari ya kesi na mwaka. Huna nambari? Taja majina ya wahusika, ila jipange kungoja. Andika barua ya ombi, kisha utaambiwa ada.

Hapo kwa ada ndipo watu huliwa. Ada ya korti hulipwa kwa njia rasmi, nawe unapewa risiti. Mtu akikwambia, "Tuma kwa namba yangu faili itoke haraka," tunakusihi usitume: korti haitakuwa na rekodi ya pesa hiyo. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN, na usifute SMS ya malipo hadi nakala iwe mkononi.