Kijana Mwenye Saratani Asiachwe Peke Yake



Mwezi Februari una siku mbili zinazokaribiana. Tarehe 11 ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992 alipokuwa Baba Mtakatifu. Tarehe 15 dunia huwakumbuka watoto wenye saratani. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya vijana wetu wanaotibiwa ugonjwa huo.

Wengi hudhani kwamba saratani ni hukumu ya kifo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu ni kuchelewa kufika hospitali, uhaba wa dawa, na kuacha matibabu kabla hayajakwisha. Hii ya mwisho kwa sehemu imo mikononi mwetu.

Wengine huacha kwa kukosa nauli. Lakini wako wanaoacha kwa kukata tamaa. Nywele zimenyonyoka, mwili umekonda, rafiki haji tena kumwona. Kijana hujiuliza: nitarudije shuleni nikiwa hivi?

Namkumbuka kijana wa miaka 16 aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa. Aligeukia ukutani, akakataa dripu. Daktari alimsihi, mama yake alilia, nasi manesi tulimbembeleza, wapi! Siku moja kijana mwingine, naye wa mguu mmoja, aliingia wodini na magongo yake na bao kwapani. Akamwambia, "Amka nikufunge." Alifungwa mara tatu. Mara ya nne akashinda, akacheka. Asubuhi iliyofuata alininyoshea mkono mwenyewe nimtafute mshipa. Alimaliza dawa zake zote, na leo huimba besi kwaya ya parokia yao.

KWA NINI KUNDI HUSAIDIA

Kwanza, kijana humwona mwenzake aliyetangulia njia ile ile, akajua kwamba inapitika. Pili, anapewa kazi. Mgonjwa huhudumiwa siku nzima. Akipewa kitu cha kufanya hujiona tena kuwa mtu miongoni mwa watu. Tatu, hupata wa kumweleza hofu yake. Vijana wengi huwaficha wazazi huzuni yao ili mama asilie.

TUFANYE NINI PAROKIANI?

1. Mwambie kijana ukweli juu ya ugonjwa wake, kwa maneno anayoyaelewa. Asiyejua anaumwa nini hawezi kuwaeleza wenzake.

2. Wafundisheni watoto na majirani kwamba saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kushikana mikono wala kulala chumba kimoja.

3. Viongozi wa kwaya, Utoto Mtakatifu na VIWAWA, msimfute katika orodha yenu. Mpeni kazi inayolingana na nguvu zake: kusoma somo, kupiga kayamba, kutunza daftari la mahudhurio.

4. Wawili watatu wamtembelee kwa zamu, na bao, karata au kitabu cha nyimbo. Wasiende kumwonea huruma. Waende kucheza naye.

5. Muulizeni nesi wa wodi kama kuna familia nyingine za karibu zenye mgonjwa kama huyo. Wakikubali, wakutanishwe.

6. Msimlazimishe. Siku nyingine dawa huchosha mno. Mwacheni apumzike, mrudi kesho.

TAHADHARI

Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mara nyingi hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Siku hizo aepuke misongamano ya watu. Kila anayemtembelea anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua, surua au tetekuwanga asimkaribie. Kabla ya mpira au michezo ya kusukumana muulizeni daktari, kwa kuwa damu inaweza kukawia kuganda. Homa ikifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata usiku. Msisubiri asubuhi.

Ndugu wapendwa, mnamkumbuka yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini mbele ya Yesu. Hakufika kwa miguu yake. Walikuwapo wanne waliombeba. Kijana wako, au wa jirani yako, akisema amechoka na hospitali, ulizeni kwanza: hao wanne wake wako wapi? Kisha nendeni mkawe wao, hata siku ya dawa zake za mwisho.