SIKU YA MALIPO ISIWE SIRI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe dukuduku langu kuhusu malipo ya TASAF. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari, 2020, uliweka malipo ya kila miezi miwili. Kwa mlengwa hizo ndizo fedha za unga.

Lakini kuijua siku yenyewe ni kazi nyingine. Mwaka 2022 ofisi moja ya mtaa ilibandika tangazo mlangoni jioni, malipo yakawa kesho yake asubuhi. Mama yangu mkubwa hajui kusoma wala hana simu. Alipata habari sokoni Igoma saa saba mchana, na alipofika wenye fedha wameshaondoka. "Njoo kesho," akaambiwa. Kesho yake mtendaji yuko kikaoni (vikao haviishi!). Miezi miwili tulimchangia unga, naye ni mlengwa halali ambaye jina lake lilipitishwa na mkutano wa hadhara.

Siku ya michango mjumbe hupita nyumba kwa nyumba, hamkosi mtu. Je, siku ya malipo miguu humwuma? Naomba wahusika watujibu.

Mkazi wa Igoma,
Mwanza.