Kifafa: Mgonjwa Akienda Kliniki, Simu Nayo Iende



Katika sura ya 9 ya Injili ya Marko kuna baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Kijana huyo alikuwa akianguka chini, akitoka povu, akisaga meno na kukakamaa. Mara nyingi habari hii tunaisoma haraka haraka ili tufike pale kijana aliposimama mzima. Lakini kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba yule swali: hali hii ilimwanza lini? Baba akajibu bila kusita. Tangu utotoni, akasema, tena akaeleza jinsi kijana alivyokuwa akianguka motoni na majini. Baba yule alikuwa ameangalia vizuri.

Swali kama hilo ndilo tunaloulizwa leo kliniki, na hapo wengi wetu tunashindwa.

"Mara ya mwisho alianguka lini?"

"Juzi juzi, daktari."

"Mwezi huu ameanguka mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Inachukua muda gani?"

"Muda mrefu sana."

Mgonjwa mwenyewe hawezi kusaidia, maanake kwa kawaida akianguka hana fahamu. Daktari au afisa wa kliniki naye hajawahi kumwona akianguka. Siku ya kliniki mgonjwa amekaa kwa benchi, ametulia kama mtu mwingine yeyote. Basi anayetibu anabaki kukisia. Anaongeza dawa, ama anaiacha ilivyo, ama anabadilisha, na yote ni kwa kukisia. Ndiyo sababu katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya chombo ambacho karibu kila kikundi kinacho siku hizi, yaani simu.

Kwanza tukumbushane ugonjwa wenyewe. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme. Umeme huo ukilipuka bila mpango, mtu hushikwa: huanguka na kutetemeka, ama hukodoa macho tu kwa sekunde chache, ama mkono mmoja hurukaruka wenyewe. Shida hiyo ikirudi tena na tena bila homa wala sababu nyingine ya ghafla, ndiyo tunaita kifafa. Inaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini kwa uchafu. Povu haliambukizi. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa.

Sasa tazama hali yetu. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya watu 6 kati ya 10 wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu yanayotakikana. Kati ya mambo yaliyohusika ni kukaa mbali na hospitali, kulipia dawa, na imani kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Kuomba tuombe, na kanisa halitaacha kuomba. Lakini anayeombewa ameze dawa yake jioni ileile.

Kuandika

Si lazima uwe na simu ya kupapasa. Hata kabambe ina kalenda, ina saa, na unaweza kuandika ujumbe mfupi ukauweka bila kuutuma. Kila mara mgonjwa anaposhikwa, andika siku na saa. Andika ilichukua dakika ngapi, kwa kuangalia saa, si kwa kupima na moyo wako. Dakika moja ya kumwangalia mtoto akitetemeka huonekana kama nusu saa. Kila mzazi aliyepitia anajua. Kisha ongeza maneno machache: alikuwa amelala au ameamka, alimeza dawa jana au alikosa, alikuwa na homa, alilala vizuri.

Kwa msichana au mama, andika pia siku za mwezi, maanake kwa wengine kifafa hufuata siku hizo. Na usiandike kuanguka tu. Mtoto ambaye mwalimu anasema ati huota ndoto darasani, anayekatika katikati ya neno na kurudi baada ya sekunde kumi, huenda naye anashikwa. Mtu akiamka amejikojolea, ulimi umeumwa na mwili wote unauma, labda alishikwa usiku. Andika "labda".

Kwa nini taabu yote hii? Kuna mama katika kikundi kimoja aliyekuwa na binti wa miaka 13. Msichana alikuwa akianguka, dawa ikaongezwa, akaendelea kuanguka, tena sasa analala darasani kwa sababu ya dawa nyingi. Katibu wa kikundi akamwonyesha mama namna ya kuweka alama katika kalenda ya simu. Baada ya miezi mitatu waliketi wakazitazama alama. Wiki mbili za kwanza za kila mwezi zilikuwa tupu kabisa. Alama zote zilijazana mwisho wa mwezi. Ndipo nyanya ya msichana akasema ukweli aliokuwa ameuficha: tembe zilikuwa zikikaribia kwisha na siku ya kliniki bado, alikuwa akimpa nusu nusu ili zifike. Nyanya hakukosa kwa ubaya. Alikuwa anafanya na dawa kile tunachofanya sote na unga. Lakini kliniki ilikuwa inaongeza dawa kwa mtoto ambaye shida yake ilikuwa ni nauli. Kikundi kilikata maneno kwamba nauli ya kliniki itoke katika mfuko wa dharura, na afisa wa kliniki akarudisha dawa kiasi cha kwanza. Bila zile alama, nani angejua?

Alama zinaweza kufunua mengine ambayo sisi watu wa kanisa hatupendi kuyasikia. Kukosa usingizi huamsha kifafa. Basi kijana akionekana anaanguka kila Jumamosi baada ya kesha la Ijumaa, tumwache alale nyumbani, Mungu humsikia hata kitandani. Hali kadhalika mfungo: mwenye kifafa asiache tembe zake ati amefunga. Pombe nayo huharibu, hilo halihitaji maelezo.

Simu hiyo hiyo iwekwe kengele ya dawa. Kama dawa ni mara mbili kwa siku, kengele ziwe mbili.

Kupiga video

Hapa ndipo simu ya kupapasa ina faida kubwa. Mwaka 2020 huko Marekani ulichapishwa utafiti ambapo madaktari walitazama video za simu zilizopigwa na jamaa za wagonjwa. Mabingwa wa kifafa waliitambua shida sawasawa karibu mara 9 kati ya 10, kwa kutazama video tu. Sababu ni kwamba si kila anayeanguka ana kifafa. Kuna anayezimia, kuna mwenye shida ya moyo, na kuna ambaye mwili wake huanguka kwa sababu ya mzigo mkubwa wa moyoni. Huyu wa mwisho hajifanyi, ni mgonjwa kweli, lakini tembe za kifafa hazimsaidii na huenda amezimeza miaka. Daktari huangalia mambo ambayo wewe huwezi kukumbuka baadaye: macho yalikuwa wazi au yamefungwa, kichwa kilielekea upande gani, ni mkono upi ulioanza.

Lakini sikilizeni vizuri. Mgonjwa kwanza, simu baadaye. Mwondoe karibu na moto au maji, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni, na usimnyweshe maji. Kutetemeka kukipungua, mlaze kwa ubavu. Kama mko wawili, mmoja amsaidie na mwingine apige video. Kama uko peke yako na yuko hatarini, sahau video.

Anayepiga aonyeshe mwili wote kuanzia kichwa hadi miguu, kisha asogee karibu na uso, halafu arudi nyuma tena. Blanketi liondolewe, taa iwashwe. Mwite mgonjwa jina lake, mwambie ainue mkono, ili daktari asikie kama anajibu. Watu wengine wasipige kelele. Usizime simu mara tu anapotulia, kwani jinsi anavyoamka, na kama anaweza kusema, nayo ni habari. Video moja au mbili nzuri zatosha. Hakuna haja ya kupiga kila siku.

Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akishikwa mara ya pili kabla ya kupata fahamu, au ni mja mzito, au ameumia, au ni mara yake ya kwanza, acheni simu mtafute gari la kwenda hospitali.

Siri ya mgonjwa

Sasa jambo linalonisumbua. Video ya mtu akianguka, nguo zimepanda, amejikojolea, si kitu cha kurushwa katika WhatsApp ya kikundi ati "tumwombee". Ikishatoka hairudi. Binti ataonyeshwa hiyo video shuleni, na siku ya posa itafufuka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Kwa hivyo ombeni ruhusa mapema, siku ambayo mgonjwa ni mzima na anaweza kusema ndiyo au hapana. Mtoto mkubwa naye aulizwe, si mzazi tu. Kikundi kikubaliane ni nani wawili watakaoshika simu, simu iwe na namba ya siri, na video ifutwe daktari akishaiona na kusema haihitajiki. Afadhali kuionyesha kwenye simu yenyewe kuliko kuituma. Ukiituma WhatsApp huibana ikapoteza mwanga, tena bando linaisha.

Mtu atauliza juu ya programu maalum za kifafa. Zipo, kama ile inayoitwa Seizure Tracker, lakini anayetaka kuitumia awe anasoma Kiingereza bila shida. Kuna hata saa ya mkononi inayohisi mtetemeko na kuita jamaa kwa simu. Moja ilikubaliwa Marekani mwaka 2018. Bei yake si ya vikundi vyetu. Kalenda na kengele zinatutosha kwa sasa. Wala simu isiwe daktari. Hata alama zikikaa tupu miezi sita, usipunguze tembe wala kuziacha mwenyewe. Dawa kama fenobabitoni ikikatwa ghafla inaweza kuleta mshtuko usiokoma, na huo huua.

Jioni kabla ya siku ya kliniki, tieni simu chaji. Hesabu alama, uandike kwa karatasi moja: ameanguka mara ngapi tangu kliniki iliyopita, ile ndefu zaidi ilichukua dakika ngapi, tembe alizikosa siku gani. Mpe daktari karatasi kwanza, maanake foleni ni ndefu na hana wakati wa kutafuta ndani ya simu yako, halafu umwonyeshe video. Beba na tembe zilizobaki azihesabu. Na kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini, katibu anakili alama zote kwa daftari kila mwisho wa mwezi.