Digrii ya Sayansi za Tiba, na Maswali Yampasayo Mzazi

Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa anaijua desturi ya bwana mifugo aitwapo kumtazama ndama mgonjwa. Hupapasa tezi iliyo chini ya sikio, akaichoma kwa sindano, akapaka majimaji kidogo juu ya kipande cha kioo, kisha akaondoka nacho. Jawabu la kwamba ndama ana ndigana au hana halitoki katika macho ya bwana mifugo, bali katika chumba ambamo kioo kile hutazamwa kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Kwa binadamu mambo ni hayo hayo. Daktari humwuliza mgonjwa habari zake, humpapasa, hukisia. Lakini mara nyingi hawezi kukata shauri mpaka karatasi irudi kutoka maabara.

Siku hizi vijana wengi waliopata alama njema za biolojia na kemia katika shule za sekondari hupenda kuomba nafasi ya digrii ya sayansi za tiba, wakitumaini ya kuwa siku moja wao ndio watakaoiandika karatasi ile. Wazazi hufurahi, ng'ombe huuzwa, na majirani huambiwa ya kuwa mtoto amekwenda kusomea udaktari. Hapo ndipo matata huanzia, kwa maana huo si udaktari. Daktari husoma ili amtibu mgonjwa. Mwanafunzi wa sayansi za tiba husoma ili aujue ugonjwa wenyewe, jinsi unavyoingia mwilini, jinsi mwili unavyopigana nao, na jinsi ya kuutambua katika damu, mkojo, makohozi au kipande cha nyama kilichokatwa. Atamaliza masomo bila kumwandikia mgonjwa hata kidonge kimoja. Kazi yake si ndogo kuliko ya daktari, ila ni kazi nyingine, nayo ina mlango wake wa kuingilia.

Katika Kenya masomo hayo huchukua kwa kawaida miaka minne. Mwaka wa kwanza huwavunja moyo vijana wengi, kwa kuwa walitazamia kuvaa koti jeupe mara moja, na badala yake hurudishwa kwenye kemia, hesabu za takwimu, na habari za viungo vya mwili na kazi zake. Baadaye huja mafunzo ya vijidudu, ya damu, ya kinga ya mwili na ya vimelea, na mwisho mwanafunzi hupelekwa hospitali kujifunza kwa vitendo, na hufanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandikia taarifa.

Ni vyema kutazama somo moja tu ili ionekane ni tabia gani inayotakiwa. Kipimo cha malaria huonekana kuwa rahisi sana. Damu huchukuliwa katika ncha ya kidole, ikawekwa juu ya kioo kwa namna mbili: tone nene, ambalo huonyesha kama vimelea vimo, na utando mwembamba, ambao huonyesha ni vya aina gani. Kioo hutiwa rangi iitwayo Giemsa, kikawekwa chini ya darubini inayokuza kitu mara 1,000. Kama vimelea ni vingi, hata mtoto angeviona. Lakini kama ni vichache, mwanafunzi hana budi kusogeza kioo polepole, mahali baada ya mahali, na kanuni ni kwamba asiandike neno "hakuna" kabla ya kutazama mahali 100 katika tone lile nene. Mahali 100 ni pengi kwa kijana mwenye njaa saa saba mchana. Mvivu hutazama kumi, akaandika "hakuna", na mtoto mwenye malaria akarudishwa nyumbani bila dawa. Hakuna mtihani wa kuandika unaoweza kumkamata mtu wa namna hiyo. Hukamatwa na mwalimu anayesimama nyuma yake na kukitazama tena kioo kile kile.

Jambo la pili litafahamika upesi na makarani. Katika mwaka 1901 mtaalamu Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza ya kuwa damu ya watu si ya namna moja, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Leo kila mtu anajua habari za makundi A, B, AB na O. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya kundi A, mwili wake huzishambulia chembe zile ngeni na kuzivunja, figo zaweza kushindwa kufanya kazi, na mtu huyo aweza kufa. Mwanafunzi hufundishwa kupima kundi la damu kwa muda mfupi tu, maana kipimo chenyewe si kigumu. Lililo gumu ni jina. Makosa ya kumtia mgonjwa damu isiyo yake mara nyingi hayatokani na ujinga wa sayansi, bali na chupa iliyobandikwa jina la mtu mwingine, au wagonjwa wawili wenye jina moja katika wodi moja. Ndiyo sababu mwanafunzi husumbuliwa miaka yote minne kuandika jina kamili, namba, tarehe na saa, na chupa isiyoandikwa sawasawa hukataliwa, hata kama muuguzi atanung'unika. Karani aliyewahi kutafuta faili lililowekwa mahali pasipo pake ataelewa, ingawa faili halimwui mtu.

Hapo zamani elimu hii haikupatikana kwa Mwafrika kwa urahisi. Shule ya udaktari ya Makerere, ambayo vijana wa Kenya nao waliitazamia, ilianza mwaka 1924, na mafunzo ya utabibu ambayo baadaye yakawa chuo cha KMTC yalianza Nairobi mwaka 1927. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970. Leo vyuo ni vingi, na majina ya digrii ni mengi kuliko vyuo, na ni katika majina hayo mzazi anaweza kupotea njia.

Katika mwaka 1999 Kenya ilitunga sheria iliyounda bodi ya kuwaandikisha wataalamu na mafundi wa maabara za tiba. Mtu asiyeandikishwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Basi yafaa ieleweke vizuri ya kuwa digrii ni kitu kimoja na kuandikishwa ni kitu kingine. Digrii mbili zaweza kufanana kwa jina na kwa karo, moja ikampeleka kijana mpaka katika maabara ya hospitali, na nyingine ikamwacha mlangoni. Hata Uingereza, ambako vijana wengine hupelekwa na jamaa zao kusoma, mambo ni hivyo. Huko kuna chama cha watu wa kazi hii kilichoanzishwa mwaka 1912, ambacho hupitisha digrii zinazofaa. Juu ya digrii mwanafunzi hutakiwa kufanya mazoezi katika maabara iliyokubaliwa, na kuandika kitabu cha ushahidi wa kazi zake, ndipo aombe kuandikishwa. Bila hayo sheria humkataza hata kujiita kwa cheo hicho.

Haina maana kwamba aliyesoma digrii nyingine amepoteza miaka yake. Wapo wanaofanya kazi za uchunguzi, kama zile za taasisi ya KEMRI iliyoundwa mwaka 1979. Chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo watoto wa magharibi ya Kenya walianza kupewa mwaka 2019, ilijaribiwa pia Kilifi, na kazi kama hiyo huhitaji watu wa kuhesabu vimelea na kutunza damu katika baridi kali. Lakini nafasi hizo ni chache, na mara nyingi hutakiwa digrii ya pili. Kijana anayezitaka azitake akijua, wala asizikimbilie kwa sababu mlango wa hospitali umefungwa mbele yake.

Kwa hiyo kabla ng'ombe hajatolewa zizini, barua mbili ziandikwe. Ya kwanza iende chuoni, kuuliza jina kamili la digrii, ni hospitali gani wanafunzi hupelekwa kwa mazoezi, na kwa muda gani. Ya pili iende kwa bodi yenyewe, kuuliza kama mwenye digrii hiyo, kutoka chuo hicho, hukubaliwa kuandikishwa. Neno la wakala anayetafuta wanafunzi lisitoshe, wala la binamu aliyeko mjini. Majibu yakija kwa maandishi, yawekwe pamoja na stakabadhi za karo.