Kadi ya Estonia siyo viza, usije ukapigwa

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, nusura nilie. Dalali mmoja alinifuata inboksi: nimlipe, nipate "ukaazi wa Estonia", nikaishi Ulaya huku naendelea kuuza vikapu vyangu. Pesa ya mzigo ilikuwa tayari mkononi.

Kabla sijatuma, nikasoma mwenyewe. Kumbe e-Residency, iliyoanza 2014, ni kitambulisho cha kidijitali cha serikali yao. Unasajili kampuni Estonia na kusaini nyaraka ukiwa hapa hapa nyumbani. Siyo viza, wala haikupi haki ya kuishi huko. Na maombi unatuma mwenyewe mtandaoni, bila dalali.

Ile pesa nikanunulia ukindu. Nawe ukiahidiwa ukaazi, uliza kwanza: hiki ni kibali cha kuishi, au cha kusajili kampuni tu?